Ukinunua Tiketi Mbili, Viza Ipi Inakuhusu?

Nauli za ndege kutoka Nairobi zikipaa, hasa kuelekea Krismasi na tena Agosti na Septemba wanafunzi wanaporejea vyuoni ng'ambo, kuna hesabu ambayo watu huifikia wenyewe bila kufundishwa na mtu. Tiketi ya Nairobi hadi Toronto ni ghali. Lakini ya Nairobi hadi Amsterdam si mbaya sana, na ya Amsterdam hadi Toronto, kwa shirika jingine, iko kwenye ofa. Ukizinunua mbalimbali, unabaki na hela ya kulipa kodi ya nyumba. Ndege ya kwanza inatua asubuhi, ya pili inaondoka alasiri, na katikati una saa sita za kunywa chai na kunyoosha miguu. Viza ya Kanada imeshabandikwa kwenye pasipoti. Mjini Amsterdam huna haja ya kwenda.

Halafu unafika JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na masanduku mawili, jamaa wamekuja kukusindikiza, na mhudumu wa kaunta anauliza viza yako ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Uholanzi ikiwemo, iko wapi. Unamweleza kwamba huendi Uholanzi, unapita tu. Anatikisa kichwa.

Wengi hudhani wamekutana na mhudumu mkaidi, au anayetafuta kitu kidogo. La hasha, yuko sahihi. Kinachowachanganya zaidi ni kwamba abiria aliye nyuma yao kwenye foleni, mwenye pasipoti ya Kenya kama yao, viza ya Kanada kama yao, na anayepitia Amsterdam hiyohiyo, anapewa pasi zake mbili za kupandia ndege na kutakiwa safari njema. Tofauti ni kwamba huyo ana tiketi moja, nao wana mbili.

Kanuni za viza za kupitia uwanja wa ndege huandikwa kana kwamba zinategemea vitu viwili tu: pasipoti uliyo nayo na nchi unayopitia. Kuna kitu cha tatu kisichoandikwa popote kwenye fomu za viza, nacho ni aina ya tiketi uliyonunua. Hicho ndicho kinachoamua kama wewe ni mpita njia au mgeni anayebisha hodi.

Nani hasa ni abiria wa transiti

Ukishuka kwenye ndege katika uwanja mkubwa wa kimataifa, unajikuta katika eneo lililo kati ya mlango wa ndege na dirisha la uhamiaji. Umo ndani ya mipaka ya nchi ile, lakini kwa mambo ya uhamiaji bado hujaingia. Eneo hilo lina maduka, vyoo, viti na ubao wa kuonyesha safari. Abiria wa transiti ni yule anayeweza kutoka ndege ya kwanza hadi ya pili akiwa humo humo, bila kulifikia dirisha.

Ili uweze kubaki humo unahitaji vitu viwili: pasi ya kupandia ndege ya pili, na begi linalojipeleka lenyewe hadi mwisho wa safari.

Tiketi moja inakupa vyote viwili. Shirika la kwanza limekubali kukufikisha Toronto, hata kama kipande cha pili kinarushwa na shirika jingine ambalo lina makubaliano nalo. Pasi zote mbili zinachapishwa Nairobi, na begi linafungwa lebo yenye herufi YYZ, yaani Toronto. Amsterdam begi linahamishwa na wafanyakazi wa uwanja, wewe hulioni.

Tiketi mbili hazina ahadi hiyo. Shirika la kwanza limekubali kukufikisha Amsterdam, basi. Kwa hesabu zao, safari yako inaishia pale. Lebo ya begi inaandikwa AMS, na begi litatokea kwenye mkanda wa kuchukulia mizigo, ambao uko ng'ambo ya dirisha la uhamiaji. Kaunta ya shirika la pili, utakakolipima begi upya na kuchukua pasi, nayo iko huko nje kwenye ukumbi wa kuondokea. Hakuna njia ya kulifikia begi lako isipokuwa kuingia Uholanzi, na Mkenya haingii Uholanzi bila viza ya Schengen. Viza ya Kanada haina la kusema hapo.

Ndiyo maana swali ambalo wasafiri huuliza, "Je, nitatoka nje ya uwanja?", haliwasaidii. Mtu anaweza kukaa saa zote sita ndani ya majengo ya uwanja na bado akawa ameingia nchini kisheria. Swali la kuuliza ni kama utapita kwenye dirisha la uhamiaji, na begi lako ndilo lenye jibu.

Kujua kama una tiketi moja au mbili si rahisi kama inavyodhaniwa, kwa sababu karatasi ya safari inaweza kudanganya. Mawakala wengi, wa katikati ya mji na wa Eastleigh pia, hukupa ukurasa mmoja uliopangwa vizuri, safari zote zimefuatana, juu kuna nambari moja ya buking yenye herufi na tarakimu sita. Nambari hiyo si tiketi. Ni faili tu, na faili moja inaweza kubeba tiketi mbili zisizojuana. Tafuta nambari ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinataja shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 074 ni KLM, 176 ni Emirates. Ukikuta vipande vyote vya safari vinabeba nambari moja, una tiketi moja, hata kama ndege ni za mashirika mawili. Ukikuta kipande kimoja kinaanza na 706 na kingine na nambari tofauti kabisa, una mbili. (Safari yenye vipande zaidi ya vinne hupewa nambari mbili zinazofuatana. Hiyo bado ni tiketi moja, usishtuke.)

Mitandao ya kuuza tiketi ina tabia yake pia. Baadhi huunganisha tiketi mbili za mashirika yasiyo na uhusiano wowote, huziweka kwenye ukurasa mmoja zikiwa na bei moja, na mahali fulani kwa maandishi madogo huandika kwamba utajihamisha mwenyewe kutoka ndege moja hadi nyingine. Maneno hayo machache ndiyo yanayokutaka uwe na viza ya nchi ya katikati. Kama kuna sentensi moja ya kusoma mara mbili kabla ya kulipa kwa M-Pesa au kadi, ni hiyo.

Kwa nini kaunta inakuwa kali kuliko uhamiaji

Inashangaza kwamba anayekuzuia si afisa wa Uholanzi bali mfanyakazi wa shirika la ndege, tena akiwa Embakasi, ulipo uwanja wa JKIA. Sababu ni pesa.

Mfumo wa safari za ndege wa kimataifa unatokana na Mkataba wa Chicago wa 1944. Kiambatisho chake cha tisa kinalibebesha shirika la ndege jukumu la kumwondoa abiria aliyekataliwa kuingia nchini. Juu ya hapo nchi nyingi zimeongeza faini. Uingereza hulitoza shirika pauni 2,000 kwa kila abiria aliyefikishwa bila hati zinazotakiwa, kwa sheria ya 1999. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya 2001, unazitaka nchi wanachama ziweke faini ya maelfu ya yuro kwa kila mtu. Faida ya shirika kwenye kiti kimoja cha daraja la kawaida haifiki huko hata kidogo. Kwa hiyo ulinzi wa mpaka wa Ulaya, kwa kiasi kikubwa, unafanyika kwenye kaunta za Nairobi, Entebbe na Lagos, na walinzi ni watu walioajiriwa kupima mabegi.

Mhudumu yule hakumbuki kanuni za dunia nzima kichwani. Anazitafuta katika hifadhidata iitwayo Timatic, inayosimamiwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege. Anaingiza uraia wako, nchi unayopitia, unakokwenda na viza ulizo nazo, na mfumo unajibu. Majibu hayo yanatenganisha anayepita na anayeingia, na aliye na tiketi mbili na begi la kupimwa huwekwa upande wa wanaoingia. Kubishana naye hakusaidii. Kinachosaidia ni kumwonyesha tiketi zote mbili mapema na kumwomba asome jibu la mfumo pamoja nawe, kwa sababu mara moja moja huwa wameingiza taarifa isiyo sahihi.

Nchi hazifanani

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, na ndipo watu hupotoshana kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa kila mtu anaeleza alichopitia yeye bila kutaja tiketi yake ilikuwa ya namna gani.

Tuanze na Ulaya ya Schengen. Huko kuna viza mbili zinazochanganywa. Moja ni ya kuingia kwa muda mfupi, inayojulikana kama aina C. Nyingine ni ya kupita uwanjani tu, aina A, inayokuruhusu kukaa kwenye eneo la transiti na si zaidi. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya ina orodha ya pamoja ya nchi ambazo raia wake wanahitaji aina A katika kila uwanja wa Schengen. Majirani zetu Ethiopia na Somalia wamo, na vilevile Eritrea, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Ghana. Kenya haimo, wala Tanzania, wala Uganda. Ndiyo maana Mkenya mwenye tiketi moja hupitia Amsterdam au Frankfurt bila kuulizwa kitu.

Lakini kila nchi ya Schengen inaruhusiwa kuongeza majina yake kwenye orodha, na Uhispania ilifanya hivyo Januari 2024 kwa wenye pasipoti ya Kenya, baada ya watu wengi kushuka Madrid wakiwa na hati za Kenya na kuomba hifadhi badala ya kuendelea na safari. Kwa hiyo Mkenya anayepitia Madrid kwenda Amerika ya Kusini anahitaji viza ya aina A hata kama tiketi yake ni moja. Ada yake ni sawa na ya viza ya kutembelea, yuro 90 tangu Juni 2024, jambo ambalo mimi naliona kama kumlipisha mtu kiingilio cha nyumba ambayo haruhusiwi kuvuka kizingiti chake. Anayeshikilia viza halali ya Marekani, Kanada au Japani husamehewa aina A. Msamaha huo unahusu eneo la transiti tu. Hauwezi kukufikisha kwenye begi lako.

Kuna mtego wa pili wa Schengen ambao huwanasa hata wenye tiketi moja. Nchi za Schengen zinahesabiwa kuwa eneo moja, na safari kati ya Paris na Amsterdam ni safari ya ndani, kama ya Nairobi na Kisumu. Ukiwa na safari ya Nairobi, Paris, Amsterdam, halafu New York, utapita uhamiaji Paris na kuingia Schengen, kisha utatoka Amsterdam. Hapo aina C inahitajika, haijalishi begi limeandikwa JFK, yaani New York, wala tiketi ina nambari moja. Viwanja viwili vya Schengen mfululizo ni kuingia, kimoja ni kupita. Mitandao ya kutafuta tiketi haijali hilo. Inapanga kwa bei.

Uingereza imekwenda kinyume. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote zimo katika orodha yake ya wanaohitaji viza hata wakibaki ndani ya eneo la transiti la Heathrow. Ukali huo una mlango wa pembeni, tena mpana kuliko wa Schengen: mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand anaweza kusamehewa viza ya kupita, na anaweza hata kuruhusiwa kupita dirisha la uhamiaji akachukua begi, mradi awe na tiketi iliyothibitishwa ya ndege inayoondoka kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Uamuzi wa mwisho ni wa afisa aliye dirishani, na shirika la Nairobi lazima likubali kwanza. Matokeo yake ni kinyume cha anavyotarajia mtu. Msafiri yuleyule wa Toronto, mwenye tiketi mbili na masanduku mawili, Amsterdam anakwama, na London huenda akapita. Lakini akiwa anakwenda mahali pengine, tuseme Jamaika, bila viza yoyote ya nchi hizo nne, London inamfungia na Amsterdam inampitisha, ilimradi tiketi iwe moja.

Marekani haina eneo la transiti la kimataifa kabisa. Anayetua New York akielekea Meksiko hupita uhamiaji na forodha kama aliyekuja kutembea, na lazima awe na viza, ama ya C-1 ya kupita au ya kutembelea. Begi nalo huchukuliwa kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani hata kama tiketi ni moja na lebo imeandikwa mji wa mbali. Jambo hili lina sura ya pili iliyo nzuri: aliye na viza ya Marekani na anakwenda Dallas au Minneapolis hana cha kupoteza upande wa viza akinunua tiketi mbili, kwa kuwa angeingia New York kwa vyovyote vile. Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja hadi JFK tangu Oktoba 2018, na wengi huunganisha hapo na ndege ya ndani waliyoinunua kando. Hatari yao ni ya muda, si ya hati.

Kanada inataka viza ya kupita kutoka kwa Mkenya hata asipotoka uwanjani. Haina ada, lakini huombwa kabla ya safari na hutolewa kwa kupita kwa muda usiozidi saa 48.

Dubai ni habari nyingine, na Wakenya wengi huipitia. Ndani ya eneo la transiti huhitaji viza. Kutoka nje ndiko kunakohitaji, na kuna viza za kupita za saa 48 na saa 96 ambazo huombwa kabla, kupitia mashirika ya ndege ya Falme za Kiarabu. Mtu mwenye tiketi ya Nairobi hadi Dubai ya shirika moja na ya Dubai hadi Mumbai ya shirika jingine, na begi la kupimwa, asidhani kwamba kwa kuwa ni Dubai mambo yatajipa.

Begi la mkononi

Swali linalofuata hujileta lenyewe. Kama shida ni begi, je, nikisafiri na la mkononi tu?

Wakati mwingine inawezekana. Unajiandikisha kwa ndege ya pili kupitia simu ukiwa bado Nairobi, unaonyesha pasi zote mbili kwenye kaunta, na ukishuka unafuata vibao vya transiti bila kuliona dirisha la uhamiaji. Kwa mwenye mkoba mmoja na pasipoti isiyohitaji viza ya kupita, huo ni mpango unaofanya kazi kila siku.

Tatizo ni kwamba pasipoti yetu mara nyingi haikubaliwi na mfumo wa kujiandikisha kwa simu. Ukiwa unakwenda nchi inayohitaji viza, mashirika mengi hukuambia umwone mhudumu akague hati kabla pasi haijatolewa. Mhudumu huyo yuko wapi? Viwanja vingine vina dawati la transiti ambako shirika la pili linaweza kukukagulia ukiwa bado ndani. Vingine havina, au shirika hilo halina mtu pale, na kaunta yake pekee iko ukumbi wa kuondokea, nje. Bila pasi ya pili mkononi, shirika la kwanza linaweza kukataa kukupandisha. Na hata likikubali, kuna viwanja ambavyo eneo la transiti hufungwa usiku, kwa hiyo anayetua saa nne usiku na kuondoka alfajiri hutakiwa kuingia nchini atake asitake.

Wapo wanaopendekeza uwaombe wahudumu wa JKIA wakufungie begi hadi mwisho hata kama tiketi ni mbili. Mashirika mengine hukubali, hasa kama tiketi zote ni zao au za washirika wao. Mengine yamepiga marufuku kabisa hata kwa tiketi zao wenyewe. Kuitegemea huruma ya kaunta saa tatu kabla ya ndege, na nauli yote imeshalipwa, ni kamari ambayo nisingeicheza. Piga simu kwa shirika kabla ya kununua, na ukishapewa lebo, isome. Ikiwa na herufi za mji wa katikati, begi lako linaishia hapo, hata kama mhudumu amekuambia nini.

Miji yenye viwanja viwili haina mjadala hata wa begi la mkononi. Heathrow na Gatwick za London, Charles de Gaulle na Orly za Paris, uwanja mpya wa Istanbul na ule wa Sabiha Gökçen ulio upande wa Asia wa mji huohuo: kati yake kuna barabara, na barabara iko ndani ya nchi. Unahitaji viza ya kuingia, au, kwa London, ule msamaha niliokwisha kuutaja.

Ndege ya kwanza ikichelewa

Tuseme hati zote ziko sawa. Bado kuna tofauti kubwa kati ya tiketi moja na mbili, nayo huonekana siku ndege inapochelewa.

Kwa tiketi moja, muda wa kuunganisha umepimwa. Kila uwanja una muda wa chini kabisa unaokubalika kati ya ndege mbili, na mfumo haukuuzii chini ya hapo. Ukikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Kwa tiketi mbili, shirika la pili linaona jambo moja tu: abiria hakutokea. Kiti kimepotea, na kama tiketi hiyo ilikuwa ya kwenda na kurudi, kwa kawaida kipande cha kurudi nacho hufutwa. Shirika la kwanza litakuomba radhi kwa kuchelewa kufika Amsterdam, na litakuwa limemaliza.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2004, nambari 261, inaonyesha tofauti hii vizuri. Ndege yoyote inayoondoka katika uwanja wa Umoja wa Ulaya inaihusu, na pia ndege ya shirika la Ulaya inayotoka nje kwenda huko. Kwa hiyo Nairobi hadi Paris kwa Air France imo. Kwa Kenya Airways haimo, lakini Paris kurudi Nairobi kwa Kenya Airways imo. Kwa safari ndefu kama hizi fidia inaweza kufika yuro 600 ukifika mwisho wa safari ukiwa umechelewa saa tatu au zaidi, isipokuwa kama sababu ni ya dharura isiyozuilika. Mahakama ya Umoja wa Ulaya imekwisha amua kwamba kwa tiketi moja, mwisho wa safari ni pale unapofika mwisho kabisa. Kwa tiketi mbili, mwisho wa ile ya kwanza ni mji wa katikati. Ukichelewa kufika hapo kwa dakika hamsini tu na ukakosa ndege ya pili, sheria inaona umechelewa dakika hamsini.

Basi nani anunue tiketi mbili? Mimi nasema Mkenya akitaka kukata safari vipande, akatie mahali ambapo pasipoti yake inafungua mlango. Kigali, Entebbe na Dar es Salaam haziulizi viza kwa kuwa ni Jumuiya yetu. Addis Ababa Mkenya huingia bila viza. Johannesburg vivyo hivyo tangu Januari 2023, hadi siku 90. Katika miji hiyo unachukua begi, unalala ukipenda, na asubuhi unakwenda kaunta ya shirika la pili kama mtu aliyetokea nyumbani. Ukiingia Addis au ukielekea nchi kama India au Afrika Kusini, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo na wanaikagua kwelikweli.

Kukatia Ulaya au London ili kuokoa nauli, kwa pasipoti ya Kenya, kuna maana pale tu unapokuwa tayari na viza ya kuingia huko, au, kwa London, viza ya mojawapo ya zile nchi nne. Kuomba viza ya Schengen kwa ajili ya kuchukua begi ni kulipa ada, kupanga foleni ya miadi na kuacha pasipoti kwa majuma, na mara nyingi akiba yote ya nauli huishia hapo.

Wanaokuja kupitia kwetu wana hesabu zao pia. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza na kuweka idhini ya kielektroniki, eTA, inayoombwa kabla ya kusafiri. Anayepitia JKIA bila kutoka nje haihitaji. Raia wa Afrika Mashariki hawaihitaji hata wakiingia, na tangu 2025 raia wa nchi nyingi za Afrika nao wameondolewa. Lakini mgeni kutoka India au Ujerumani aliyenunua tiketi moja hadi Nairobi na nyingine ya kwenda Zanzibar atalifuata begi lake nje, na hapo eTA inamhusu. Mwenyeji wake akiwa amemkatia ndege ya Lamu inayoondoka Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, safari kati ya viwanja hivyo viwili ni ya gari, na Barabara ya Mombasa siku ya Ijumaa jioni haijui ratiba ya mtu. Barabara ya juu ya kulipia, Expressway, imepunguza mateso kwa sehemu ya njia, ila ukishateremka kuelekea Lang'ata unarudi kwenye foleni ya kawaida. Mpe mgeni wako saa nne kati ya kutua na kuruka, na umwambie aombe eTA kabla hajatoka kwao.